Mashujaa wawili ndani ya mtu mmoja: kisa cha Storm, mleta mvua wa kwenye katuni

Ukienda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, hukosi kuona fulana ya mtumba yenye picha ya Spider-Man au Batman. Bajaji zimebandikwa stika zao, mabegi ya shule yana sura zao, na kwenye vibanda umiza filamu zao huoneshwa huku mtafsiri akisimulia kwa Kiswahili. Watoto wengi wa Bahi, Kongwa na Chemba wanawajua mastelingi hawa kuliko wanavyowajua watemi wa zamani wa Ugogo.

Sasa kwenye simu kumeingia mchezo mwingine. Vijana wanachukua shujaa wa kampuni moja na shujaa wa kampuni nyingine, wanawafanya mtu mmoja. Mwili wa Superman, ngao ya Captain America. Kofia ya Batman, makucha ya Wolverine. Programu ya akili mnemba inatoa picha hiyo kwa sekunde chache, na picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka kijiji cha mwisho chenye mtandao.

Je, jambo hili lina historia? Nani aliwahi kulifanya kweli, na kwa idhini ya nani? Na sisi wa nyanda kavu za katikati ya Tanzania linatuhusu nini? Makala haya yanaeleza, na mfano wetu mkuu ni shujaa mwanamke anayeitwa Storm, ambaye kazi yake ni ile tunayoiombea kila mwaka kuanzia Novemba: kuleta mvua.

Kukutana na kuungana ni mambo mawili

Mashujaa wengi wa katuni za Marekani wako chini ya kampuni mbili. DC ina Superman aliyeanza mwaka 1938, Batman wa 1939 na Wonder Woman wa 1941. Marvel ina Captain America wa 1941, Spider-Man wa 1962 na Wolverine wa 1974. Kila kampuni ina ulimwengu wake, wenye miji yake, maadui wake na historia yake. Superman anaishi Metropolis, mji wa kubuni. Spider-Man anaishi New York, mji uliopo kweli. Kwa kawaida hawaonani.

Mara chache kampuni hizi hukubaliana kuwakutanisha. Mwaka 1976 zilitoa kitabu kimoja ambamo Superman na Spider-Man walikabiliana, kisha wakashirikiana dhidi ya maadui zao. Huko ni kukutana. Kila mmoja alibaki vilevile alivyo, na kazi ilipokwisha kila mtu akarudi kwao.

Kuungana ni kitu kingine. Hapo wawili hugeuka kuwa mtu mmoja, mwenye jina jipya, malezi mapya na nguvu kutoka pande zote mbili.

Mfugaji wa Dodoma ataelewa haraka kwa kumfikiria ng'ombe wa Mpwapwa. Pale kituo cha mifugo Mpwapwa, wataalamu walitumia miaka mingi kuchanganya zebu wetu wa kienyeji na Boran, pamoja na Sahiwal na Red Sindhi ambao asili yao ni bara Hindi, na damu kidogo ya ng'ombe wa Ulaya. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 walikuwa na aina mpya inayohesabika kuwa aina kamili. Hawakuchanganya ili kujifurahisha. Walitaka mnyama anayetoa maziwa kuliko zebu, lakini anayestahimili jua na malisho haba ya hapa. Kila damu iliingizwa kwa sababu yake.

Kumbuka mfano huo. Mchanganyiko mzuri wa mashujaa hufuata kanuni hiyohiyo, na mchanganyiko mbaya huivunja.

Storm alitokana na mchanganyiko tangu mwanzo

Mwaka 1975 Marvel ilitaka kufufua kundi lake la mashujaa liitwalo X-Men, safari hii likiwa na watu kutoka nchi mbalimbali. Kazi ilipewa mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Cockrum alikuwa na daftari la michoro ya wahusika aliowabuni mwenyewe. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye uwezo wa paka, aliyemwita Black Cat. Mwingine alikuwa mwanamume mwenye uwezo juu ya hali ya hewa, aliyemwita Typhoon.

Tatizo ni kwamba katuni za wakati huo tayari zilikuwa na wanawake kadhaa wa aina ya paka. Cockrum akafanya uamuzi. Akachukua umbo na mavazi ya yule mwanamke, akampa nguvu za yule mwanamume, akambadilisha nywele zikawa nyeupe. Matokeo yake ni Storm, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ororo Munroe. Kwa hiyo mmoja wa mashujaa wanaojulikana zaidi duniani ni wahusika wawili waliounganishwa kabla hata msomaji hajamwona.

Sasa sikiliza alivyotambulishwa. Katika kitabu kile cha 1975, mkuu wa X-Men, Profesa Xavier, anamfuata Kenya. Anamkuta kwa watu wanaomchukulia kuwa mungu wa kike, wanaomlilia awaondolee ukame. Ororo anainua mikono, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha. Profesa anamwambia kwamba yeye si mungu, ni binadamu aliyezaliwa na kipaji ambacho wengine hawana, na anamwomba akitumie kwa ajili ya dunia nzima.

Mwaka uliofuata, mwandishi Chris Claremont akamwongezea historia. Mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake ni mpiga picha wa habari kutoka Marekani. Wazazi walikufa Cairo nyumba ilipobomoka kwa vita, na mtoto akabaki amefukiwa kwenye kifusi pamoja na mwili wa mama yake. Tangu hapo Storm ana hofu kubwa ya kufungiwa mahali padogo. Alikua akiiba mitaani Cairo, kisha akatembea kwa miguu kuelekea kusini mpaka nyika za Afrika Mashariki.

Angalia hapa kuna nini. Kuna nguvu, yaani mvua na radi. Kuna udhaifu, yaani hofu ya kufungiwa. Na kuna mahali anapotoka na watu wanaomtegemea. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyomfanya mhusika aishi miaka 50 badala ya kusahaulika baada ya toleo moja.

Mwaka 1996: kampuni mbili zinafungua milango

Mwaka 1996 DC na Marvel zilikubaliana kufanya jambo kubwa. Zilitoa simulizi ya vitabu vinne ambamo mashujaa wa pande mbili walipigana. Yalikuwa mapambano 11. Kwa mapambano matano, mshindi hakuchaguliwa na waandishi bali na kura za wasomaji.

Superman alimshinda Hulk. Batman alimshinda Captain America. Spider-Man alimshinda Superboy. Wolverine alimshinda Lobo. Na Storm, mleta mvua wetu, alimshinda Wonder Woman, ambaye alimtangulia kwa zaidi ya miaka 30. Wasomaji ndio walioamua hivyo.

Katikati ya simulizi hiyo, kabla ya kitabu cha nne, malimwengu mawili yakagongana na kuwa moja. Hapo zikatoka katuni 12 za ulimwengu huo mpya, ulioitwa Amalgam. DC ilitoa sita na Marvel sita. Batman na Wolverine wakawa mtu mmoja aitwaye Dark Claw. Superman na Captain America wakawa Super-Soldier. Mwaka 1997 zikatoka nyingine 12, ambamo Iron Man na Green Lantern wakawa Iron Lantern, na mradi ukaishia hapo.

Kwa nini uliishia hapo wakati watu waliupenda? Sababu moja ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kumiliki ng'ombe kwa ubia na jirani. Dark Claw nusu yake ni mali ya DC na nusu ni mali ya Marvel. Hakuna upande unaoweza kumpeleka machungani peke yake. Kila hatua inataka makubaliano, na makubaliano kati ya washindani wawili hayadumu.

Kilichopotea njiani

Storm naye aliunganishwa. Aliwekwa pamoja na Wonder Woman, mwanamke aliyempiga kwa kura, na mhusika mpya akaitwa Amazon. Kitabu chake kiliandikwa na kuchorwa na John Byrne. Ukisoma kwa haraka utaona ni mchanganyiko wenye akili: nguvu za mwili za Wonder Woman pamoja na uwezo wa Storm wa kuita upepo na radi.

Lakini tazama malezi yake. Wonder Woman anatoka kisiwa cha hadithi kiitwacho Themyscira, chini ya Malkia Hippolyta. Katika mchanganyiko ule, mtoto Ororo analelewa kisiwani humo na malkia huyo. Safari ya kutoka Cairo kwenda kusini haipo tena. Nyika ya Afrika Mashariki haipo. Watu wenye mashamba makavu wanaomsubiri hawapo. Mvua imebaki, lakini aliyekuwa akiihitaji ameondoka.

Mtu atasema hiyo ni katuni tu, na kurasa zenyewe zilikuwa chache. Ni kweli. Lakini kwa msikilizaji wa Dodoma tofauti hiyo si ndogo. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kwa wastani hupatikana milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka. Msimu ukikatika katikati, mtama unanyauka na mfugaji anaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza. Wazee wa Ugogo walisimuliwa na wazazi wao njaa iliyoitwa Mtunya, iliyopiga baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua mifugo na nafaka, kisha mvua ikakosekana. Katika nchi ya namna hiyo, mwenye uwezo wa kuleta mvua hawezi kuwa mtu wa kujionesha tu. Ni mtu mwenye deni kwa wenzake.

Wagogo walilijua hilo tangu zamani. Mtemi wa kila nchi ndogo ya Ugogo ndiye aliyetunza mawe ya mvua, na ndiye aliyebeba jukumu la mvua na rutuba ya ardhi kwa niaba ya watu wake. Mvua ilipochelewa, swali lilipelekwa kwake. Heshima na lawama vilikaa kwenye kigoda kimoja.

Kwa hiyo ukiuliza Storm wa 1975 na Amazon wa 1996 wametofautiana wapi, jibu halipo kwenye ukubwa wa radi. Storm ana watu wa kuwajibika kwao kuhusu mvua. Amazon hana. Kama wale wa Mpwapwa wangechukua wingi wa maziwa na kuacha ustahimilivu wa zebu, wangepata ng'ombe mzuri wa picha ambaye angekufa kiangazi cha kwanza.

Sisi tumeunganisha kabla yao

Usidhani kuunganisha mashujaa kulianzia Marekani. Mchukue Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli, aliyeishi Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9. Waarabu vilevile wana mhusika wao wa vichekesho aitwaye Juha, na Waturuki wana Nasreddin Hodja. Hadithi ziliposafiri na majahazi mpaka pwani yetu, kisha zikapanda bara, visa vya hao watatu vilikusanyika chini ya jina moja.

Kisa cha sufuria iliyozaa ni ushahidi mzuri. Mtu anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo akisema imezaa, na jirani anafurahi. Mara ya pili anaazima na harudishi, anasema imekufa. Waturuki wanakisimulia kwa jina la Hodja, Waarabu kwa jina la Juha, na sisi kwa jina la Abunuwasi. Hapakuwa na mkataba, wala kura, wala kampuni. Wasimulizi waliunganisha kwa sababu wasikilizaji wao walihitaji mtu mmoja wa kumcheka tajiri mchoyo.

Hata kwenye katuni za magazeti tunalo jina la namna hiyo. Mchoraji wa Kenya Edward Gitau alichora kwa miaka mingi katuni ya Juha Kalulu, iliyotoka gazeti la Taifa Leo. Juha kwa Kiswahili ni mjinga, neno lililotoka kwa yule Juha wa Waarabu. Kalulu ni sungura kwa Kichewa, na sungura katika ngano zetu ndiye mjanja kuliko wote. Mjinga na mjanja wamekaa kwenye jina moja.

Nani ana haki ya kuunganisha?

Hapa vijana wenye simu wasikilize vizuri. Kuchora Spider-Man mwenye makucha ya Wolverine kwenye daftari lako ili umfurahishe mdogo wako, hakuna atakayekufuata. Kuchapa fulana 200 zenye picha hiyo na kuziuza mnadani ni jambo jingine. Wahusika hao wana wenyewe. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, maana yake kazi za watunzi wa nchi nyingine wanachama zinalindwa hapa, kama kazi za Watanzania zinavyolindwa kwao. Na kuunganisha wahusika wawili hakukufanyi uwe mmiliki. Umeongeza tu idadi ya wenye mali wa kuwaomba ruhusa.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimlinda mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo. Sheria hiyohiyo iliweka sehemu ya sanaa za jadi. Mtu anayetaka kuzitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, alitakiwa kuomba idhini kwa Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Lakini iliacha mlango wazi kwa mtunzi anayeazima kutoka jadi ili kutengeneza kazi mpya ya kwake. Ukitaka kufanya biashara, uliza kwanza ofisi ya COSOTA au afisa utamaduni wa wilaya yako. Swali ni rahisi kuliko kesi.

Maana yake ni nini? Mashujaa ambao kijana wa Dodoma anaweza kuwaunganisha bila kumwogopa mtu wako hapahapa. Sungura hana kampuni. Abunuwasi hana mwanasheria. Watemi wa mvua wamo kwenye masimulizi ya wazee. Wamo pia wanawake wa Kigogo ambao zamani, balaa lilipoingia nchini, walivaa mavazi ya wanaume na kushika kazi zao, hata kuchunga ng'ombe, mpaka balaa litolewe. Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma na mshairi mkubwa wa Kiswahili, aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo na kukichapisha mwaka 1954, wakati waliosimulia mambo hayo walikuwa wangali hai. Mali ghafi ipo.

Jinsi ya kumuunda shujaa wako

Kabla hujawaunganisha wawili, jiulize maswali matatu.

La kwanza: kila upande unaleta nini ambacho mwenzake hana? Ukiunganisha wawili wenye nguvu za mwili tu, umepata mtu mmoja mwenye nguvu za mwili. Hujaongeza kitu.

La pili: udhaifu wa nani unabaki? Usiwafute wote wawili. Shujaa asiyeweza kushindwa hana hadithi, kwa sababu msikilizaji anajua mwisho tangu mwanzo.

La tatu: anatoka wapi, na anawajibika kwa nani? Hapa ndipo Amazon aliposhindwa.

Tujaribu mmoja. Tumchukue Sungura na mtemi wa mvua. Kwa Sungura tunachukua ujanja, pamoja na uchoyo wake. Kwa mtemi tunachukua mawe ya mvua, pamoja na deni lake kwa watu. Sasa Sungura ameyapata mawe kwa hila. Usiku anaita mvua ianguke kwenye shamba lake peke yake. Siku ya kwanza anacheka. Siku ya pili mvua haikomi, kwa sababu anajua kuiita lakini hajui kuituma. Siku ya tatu udongo unaondoka na mbegu, na wanyama wote wenye kiu wamesimama mlangoni kwake, Fisi akiwa mbele. Ujanja wote alionao hautoshi. Itabidi awaulize wale aliowaibia.

Unaona hadithi inavyojisukuma yenyewe? Uchoyo wa mmoja umegongana na deni la mwingine ndani ya ngozi moja. Huyo ndiye shujaa aliyeunganishwa vizuri, na haikuhitajika radi ya Marekani wala kofia ya popo.

Leo usiku baada ya chakula, waombe watoto wachague wawili wao na wajibu maswali hayo matatu. Kama kuna babu au bibi nyumbani, mwombe kwanza akusimulie habari za mtemi wa mvua wa eneo lenu. Akiridhia, mrekodi kwa simu, utaje jina lake na kijiji mwanzoni mwa rekodi, na uitunze nakala sehemu nyingine. Wamarekani walipomuunganisha Storm, nyika yetu ilidondoka kwa sababu hakukuwa na mtu wa hapa aliyeishika. Ya kwetu tuishike wenyewe, kabla simu haijajaa picha za watu wengine.